Mtungi Unaovuja

Dominika ya Kwanza ya Kwaresima



Injili ya leo inatupeleka jangwani. Bwana wetu, baada ya kubatizwa katika mto Yordani, anaongozwa na Roho mpaka mahali pasipo watu. Anafunga siku 40 na kujaribiwa na Ibilisi. Kila mwaka twaisikia habari hiyo mwanzoni mwa Kwaresima, na kila mwaka sisi tunaokaa Vingunguti twajiuliza swali lile lile: jangwa letu li wapi? Maana hapa kwetu ukimya ni kitu adimu. Malori hupita usiku katika Barabara ya Nyerere, ndege hushuka karibu na mapaa yetu, ng'ombe huletwa machinjioni, na redio ya jirani husikika kana kwamba imo chumbani mwetu. Nyumba moja ina vyumba sita, na kila chumba kina familia yake; uwani pana choo kimoja na ugomvi usiokwisha juu ya zamu ya kufagia. Mtu akitaka kusali peke yake, aende wapi?

Tuwaulize Wakristo wa kale waliokwenda jangwani kweli. Nao walikuwa wana wa Afrika hii yetu. Mnamo karne ya 3, huko Misri, kijana mmoja jina lake Antoni, aliyekuwa ameachiwa mashamba na wazazi wake marehemu, aliingia kanisani akasikia Injili ya yule tajiri aliyeambiwa auze mali yake na kuwapa maskini. Antoni aliyapokea maneno hayo kama barua iliyoandikwa kwa jina lake. Aliuza, akagawa, akaenda kuishi mahali pa upweke. Mtakatifu Atanasi, Askofu wa Aleksandria, aliyeandika maisha yake, asema kwamba alifariki akiwa na umri wa miaka 105. Hiyo ilikuwa mwaka 356, na wakati huo wanaume na wanawake wengi walikuwa wamekwisha kuifuata njia hiyo. Walisali, walifunga, na walifanya kazi ya mikono: walisuka kamba na vikapu kwa majani ya mitende, kama mama zetu wasukavyo ukili, wakauza ili wapate mkate na cha kuwapa maskini.

Wengi wetu hudhani kwamba watu hao waliwakimbia wenzao ili wapate raha ya moyo. Sivyo. Raha hawakuikuta. Mmoja wao, Evagrio, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo mabaya yanayomsumbua mtu akiwa peke yake. Alilieleza hasa lile linalokuja saa za mchana, jua linapokuwa kali na siku haiendi. Mtu huanza kuchungulia nje. Hukichukia chumba chake na kazi yake. Hujiambia kwamba hapo alipo hapana upendo tena, na kwamba angehamia mahali pengine angekuwa mtakatifu. Ndugu zangu, nani kati yetu, akiwa amekaa chini ya bati saa nane mchana, hajalisikia wazo hilo? Mababa walishauri dawa moja: kaa. Usikimbie chumba chako, nacho kitakuonyesha wewe ni nani. Na Mama Sinkletika, mmoja wa wanawake watakatifu wa Misri, alifundisha kwamba mtu aweza kuishi katikati ya umati na moyo wake ukatulia mbele ya Mungu, na mwingine aweza kuishi peke yake mlimani huku moyo wake umejaa makelele ya soko.

Mafundisho hayo hayako mbali nasi. Yohane Kasiano aliyachukua kutoka Misri akayaandika huko Ulaya, na Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwahimiza wamonaki wake wayasome. Na mwaka 1888 wana wa Benedikto walifika Pugu, safari fupi tu kutoka hapa tulipo. Ndiyo maana hata barabara hii yetu, kabla ya kupewa jina la Mwalimu Nyerere, iliitwa Barabara ya Pugu. Tarehe 13 Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni hiyo ilishambuliwa. Bruda Petrus Michl, Bruda Benedikt Kantwerk na Sista Martha Wansing wakauawa. Lakini sala haikuondoka katika nchi hii. Mwaka 1898 Wabenedikto walianzisha Peramiho, na leo wapo wamonaki Watanzania wanaoamka kabla ya mapambazuko kuimba zaburi.

Basi tukumbuke kisa kimoja cha jangwa la Sketi, huko Misri. Aliishi huko mzee mmoja mweusi, Abba Musa, ambaye kabla ya kuongoka alikuwa mtumwa, kisha jambazi. Siku moja ndugu mmoja alikosa, na wazee wakaitisha kikao cha kumhukumu. Musa hakutaka kwenda. Walipomtumia mjumbe, aliondoka amebeba mtungi wenye tundu, na maji yakawa yanamwagika nyuma yake njia nzima. Walipomwuliza maana yake, alijibu kwamba ndivyo dhambi zake zinavyomwagika nyuma yake asizione, naye leo anakwenda kuhukumu kosa la mwenzake. Wazee hawakusema neno zaidi. Walimsamehe yule ndugu.

Sisi pia tuliwahi kuitisha kikao. Katika jumuiya yetu ndogo, miaka iliyopita, mwekahazina alitumia fedha za kuwasaidia wagonjwa kwa kulipia kodi ya chumba. Tulikusanyika jioni, kila mmoja ameshika hukumu yake mkononi. Maneno yetu yalikuwa ya haki, kwa maana mama mmoja mgonjwa alikuwa amekosa nauli ya hospitali kwa sababu hiyo. Tulisali mwanzoni, tulisali mwishoni, na katikati tulimwondoa. Kabla ya mwezi kwisha alihama na watoto wake, wala hatujui alikokwenda. Baadaye mzee mmoja alituuliza: nani kati yenu alijua kwamba alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu? Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumeishi naye ukuta kwa ukuta, tukisikia hata kikohozi cha watoto wake usiku. Masikio yetu yalisikia kila kitu. Mioyo yetu haikusikia.

Hatusemi kwamba deni lile lilikuwa si deni. Fedha za mgonjwa ni za mgonjwa, na huruma haifuti wajibu wa kurudisha. Lakini tungaliweza kumwacha arudishe kidogo kidogo, akiwa bado ndugu yetu. Mtungi wetu ulikuwa unavuja, nasi hatukugeuka kutazama nyuma.

Wapendwa, hilo ndilo jangwa tunaloitiwa katika siku hizi 40. Makelele ya Vingunguti hayatanyamaza kwa ajili ya Kwaresima yetu. Tuamke robo saa kabla ya wenzetu, tukae kitandani katika giza, tumwache Mungu atuonyeshe tulichomwaga nyuma yetu. Mikono yetu ikiwa kazini, iwe ya kufua au ya kusukuma mkokoteni, midomo iseme sala fupi. Na tukisikia kwamba fulani ameanguka, kabla ya kwenda kikaoni, twende kwanza tukabishe hodi mlangoni kwake. Na kama yule ndugu yetu aliyehama anatusikia asubuhi hii, twamwomba atusamehe. Mahali pake bado papo.

Bwana aliyeshinda jangwani akae nasi katika vyumba vyetu, sasa na hata milele. Amina.