Kulala na Lenzi Machoni: Hatari kwa Wabeba Boksi wa Dallas–Fort Worth na Houston



Mada niliyopewa ni kuvaa lenzi za macho kupita kiasi. Naomba nijikite zaidi kwenye usiku. Anayeshinda na lenzi kutwa nzima anajitafutia macho makavu na mekundu. Anayelala nazo anajitafutia kidonda cha konea, na kidonda hicho kinaweza kumwachia kovu mbele ya mboni maisha yake yote.

Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Oksijeni yake huipata hewani kupitia machozi. Tukifumba macho, kiwango cha oksijeni kinachoifikia hushuka kutoka asilimia 21 hadi takriban 8. Ukiifunika na lenzi isiyopitisha hewa vizuri, konea huvimba, na hali hiyo ikiendelea kwa miaka, vishipa vya damu huanza kuitambalia kutoka pembeni.

Ndiyo maana kwa muda mrefu wataalamu waliweka matumaini yao kwenye oksijeni, na sehemu ya kazi hiyo imefanyika hapahapa Texas tunapoishi. Alcon, mojawapo ya kampuni kubwa duniani za lenzi na dawa za kuzisafishia, ilianza Fort Worth mwaka 1945 kama duka la dawa. Pale UT Southwestern, Dallas, Dkt. Dwight Cavanagh na wenzake walichunguza jinsi bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa anavyonata kwenye seli za konea za wavaaji wa lenzi. Lenzi zilizopitisha oksijeni kidogo ndizo zilizoacha seli zikinatwa zaidi. Mwaka 2001 Marekani ikaruhusu lenzi za silikoni haidrojeli, zinazopitisha oksijeni kwa wingi, zivaliwe hadi usiku 30 mfululizo.

Takwimu zikaharibu sherehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini za mchana, wanne hivi kwa mwaka walipata kidonda cha konea; kwa lenzi za kulala nazo walikuwa 21. Mwaka 2008, lenzi mpya zikiwa zimeshaenea, utafiti wa Australia ulipata wawili hivi kwa wavaaji wa mchana wa lenzi laini za kawaida, na 25 kwa waliolala na zile mpya za silikoni haidrojeli. Hewa iliongezeka, vidonda havikupungua. Kwa maoni yangu jambo kubwa ni kupepesa: aliyelala hapepesi, machozi yanatuama chini ya lenzi, na bakteria wanapata usiku kucha wa kufanya kazi yao.

Sasa tuje kwetu. Wengi wetu hubeba boksi usiku, yaani kazi za kutafuta riziki ughaibuni: nyumba za wazee, maghala ya Alliance kule Fort Worth, hospitali za Texas Medical Center kule Houston. Kati ya zamu mbili mtu anaegesha gari, analaza kiti, anasema nafumba macho dakika ishirini. Anashtuka saa tatu baadaye, lenzi zimegandia, anazilainisha kwa maji ya chupa aliyokuwa akinywa.

Maji hayo, yawe ya chupa au ya bomba, ni kosa la pili. Amiba aitwaye Acanthamoeba huishi hata kwenye maji ya bomba, na kidonda chake huuma vibaya na hutibiwa kwa miezi. Houston ilipoamriwa kuchemsha maji Februari 2021, baada ya ile baridi kali, kila mtu aliogopa bomba. Kwa mvaaji wa lenzi, maji ya bomba hayafai siku yoyote. Kwa ndugu zangu Waislamu: ndani ya jicho si mahali pa kuoshwa katika udhu, basi fumbeni macho vizuri mnapoosha uso. Kabla ya kuoga au kuogelea, vueni kabisa.

Kuna pia lenzi za rangi za maharusi, zinazopita kwa dada, kisha shoga, kisha binamu. Tangu 2005 sheria ya Marekani inazihesabu lenzi zote, hata za urembo, kuwa vifaa vya tiba vinavyohitaji cheti cha daktari wa macho. Duka la vipodozi linalokuuzia bila cheti linavunja sheria.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likichukia mwanga au likiona ukungu, vua lenzi mara moja. Usiitupe, nenda nayo hospitali pamoja na kikopo chake, vipimwe. Usiweke matone yaliyobaki ya mama mkwe kutoka Dar es Salaam, hasa yenye steroidi, maana yanaweza kuzidisha maambukizi. Wala usingoje Jumatatu: Pseudomonas anaweza kuiharibu konea kwa siku moja au mbili. Najua wapo wanaojifungia ndani kwa kukosa bima. Parkland ya Dallas, JPS ya Fort Worth na Ben Taub ya Houston ni hospitali za umma na zina huduma ya dharura usiku na mchana. Nendeni usiku huohuo.