Rangi ya Zamani Ndani ya Nyumba na Afya ya Mtoto



Siku nyingine tunasema hapa juu ya chanjo, maji safi na chakula cha mtoto. Leo tutasema juu ya kuta za nyumba. Musicheke. Hata ukuta unaweza kuleta ugonjwa.

Munajua desturi yetu. Noeli ikikaribia, ao kukiwa ndoa, ao mama akiwa karibu kuzaa, watu wanataka nyumba ingae. Baba anaikwangua rangi ya zamani, mama anafagia, watoto wanacheza papo hapo katika vumbi. Kila mtu anafurahi. Lakini katika vumbi ile munaweza kuwa sumu.

Sumu gani?

Ni risasi, wengine wanasema plombe. Ni metali ile ile wanayotengeneza nayo risasi za bunduki na betri za motokari. Zamani wenye kutengeneza rangi waliitia ndani ya rangi ya mafuta, juu inaifanya rangi ikauke upesi na idumu miaka mingi. Ubaya wake ulijulikana zamani. Katika mwaka 1921, kule Geneva, wajumbe wa mataifa walipatana kwamba rangi nyeupe ya risasi isitumiwe tena kwa kupaka ndani ya majengo. Lakini si inchi zote zilizofuata, na risasi ilibaki katika rangi zingine, zaidi ya manjano na nyekundu. Marekani yenyewe iliikataza katika rangi za nyumba mwaka 1978 tu.

Basi, kama munakaa katika nyumba ya zamani, nyumba ya kampani, ya reli, ao nyumba iliyojengwa wakati wa Wabelgiji, na milango na madirisha yamepakwa rangi ya mafuta mara nyingi, muwaze kwamba risasi inaweza kuwa ndani. Kwa macho hamuwezi kuijua. Nyumba ya udongo iliyopakwa pembe ao chokaa tu haina hatari hii.

Juu ya nini mtoto anaumia kuliko mkubwa?

Mtoto anatambaa chini, kisha anatia mikono kinywani. Magamba ya rangi ya risasi yana utamu kidogo, basi anayaokota na kuyala. Tena tumbo la mtoto mdogo linavuta risasi mara 4 ao 5 kuliko tumbo la mtu mkubwa. Mtoto mwenye njaa, ao mwenye kupungukiwa na damu, anavuta zaidi.

Risasi ikiingia inaharibu damu na ubongo. Mtoto anakuwa mweupe-mweupe, anakataa chakula, tumbo linamuuma, choo kinakuwa kigumu, analialia bila sababu. Ikizidi sana, anapata degedege na anaweza kufa. Lakini mara nyingi hakuna alama hata moja. Mtoto anakua, anaingia masomo, na kujifunza kunamushinda. Watu wanasema: huyu ni mvivu, ao ni mjinga. Kumbe ubongo wake uliumizwa angali mdogo, na hakuna dawa ya kuurudisha. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kipimo cha risasi, hata kidogo, kisicho na hatari. Kwa hiyo kazi yetu ni kuizuia mbele.

Na wewe mama mwenye mimba, usikie vizuri. Risasi inapita toka damu yako mpaka kwa mtoto tumboni. Usiikwangue rangi ya zamani wewe mwenyewe kwa kutengeneza chumba cha mtoto. Uwaachie wengine kazi ile, na ukae mbali mpaka chumba kioshwe.

Tufanye namna gani?

1. Kama rangi ya zamani ingali inashika vizuri, musiikwangue. Muioshe kwa maji na sabuni, muisuuze, muiache ikauke siku nzima, kisha mupake rangi mpya juu yake. Rangi nzima iliyofunikwa haidhuru mtu.

2. Kama inabanduka, muondoe ile yenye kubanduka tu. Kwanza mutoe watoto, wamama wenye mimba, vyombo, vyakula na vitanda. Mutandike nailoni chini.

3. Mulowanishe ukuta kwa maji, kisha mukwangue pole pole. Ukianza kukauka, mulowanishe tena. Na msasa pia utumiwe na maji. Musikwangue rangi kavu hata kidogo. Tena musiichome kwa moto, juu moshi wake ni sumu kabisa.

4. Musifagie kwa ufagio mkavu. Muokote magamba, mupanguse chini kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mubadilishe maji, mupanguse tena. Magamba na nailoni mutie katika mfuko, mufukie katika shimo refu, mbali na kisima na shamba. Musiyatupe katika moto wa jikoni.

5. Mwenye kufanya kazi asile wala asivute tumbako pale. Akimaliza anawe mikono na uso, abadilishe nguo mbele ya kumubeba mtoto. Nguo zile zifuliwe peke yake.

6. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, itaanguka. Chokaa ni ya ukuta wa udongo, wa matofali, ao uliopakwa chokaa mbele. Ni ya bei ndogo, na inaua vijidudu. Lakini mbichi inaunguza. Ikiingia machoni, muoshe macho kwa maji mengi safi dakika 15 ao zaidi, kisha mukimbie kwa munganga.

7. Mukinunua rangi mpya, muulize kama imeandikwa juu ya mkebe kwamba haina risasi.

Neno moja juu ya chupa

Baada ya kupaka rangi, watu wanaosha burashi kwa petroli, na petroli inayobaki wanaitia katika chupa ya limonade. Mtoto mwenye kiu anaona chupa, anakunywa. Petroli inaingia katika mapafu. Mtoto akikunywa, musimutapishe, musimupe maziwa wala mafuta ya ngazi. Kumutapisha kunaipeleka petroli katika mapafu mara ya pili. Mumulete hospitali mara moja, pamoja na chupa ile. Lakini afazali kuiweka katika mkebe wake, juu, pasipofika mkono wa mtoto.

Kama mtoto amekwisha kula rangi

Muje kiliniki, na museme wazi: "Tuliikwangua rangi ya zamani, mtoto alikuwa pale." Musingoje munganga aulize. Alama hizi zinafanana na minyoo ao malaria, na asipojua habari ya rangi anaweza kutibu ugonjwa mwingine. Musimutie mtoto dawa ya kuharisha. Mumupe chakula mara nyingi: sombe, lengalenga, maharagi, ndakala pamoja na mifupa yake. Vyakula hivi haviondoi risasi iliyokwisha kuingia, lakini vinasaidia mwili usivute nyingine.

Maulizo ya kukumbuka

Ni rangi gani inaweza kuwa na risasi? Juu ya nini tunalowanisha ukuta mbele ya kuukwangua? Nani asikae ndani wakati wa kazi? Chupa ya petroli iwekwe wapi?

Mukiweza kujibu, muwaambie baba zenu nyumbani, juu mara nyingi ni wao wanaoshika kisu cha kukwangua. Nyumba nzuri si ile yenye kungaa tu. Ni ile mtoto anaweza kutambaa ndani yake bila kuumia.