Injini ya Utafutaji Ikibadilika, Muuzaji wa Mtandaoni Afanye Nini?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wachongaji, wafanyabiashara wadogo na vijana wanaofanya kazi mtandaoni katika kaunti za Kisii na Nyamira. Tunayachapisha ili wale ambao hawakuweza kufika nao wayasome.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza pembeni, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia ugonjwa: "Tovuti yangu ilikuwa ikionekana Google, sasa haionekani. Nimekosa nini?" Leo nitajibu mbele ya wote, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2011 nilikuwa nimetoka chuoni, sina kazi. Baba mdogo wangu alikuwa mchongaji Tabaka. Mnaijua kazi ya huko: jiwe huchimbwa, likakatwa, likachongwa kwa kisu, kisha akina mama hulisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Nilimtengenezea tovuti ya kuuzia bakuli, vinara vya mishumaa na seti za sataranji. Miezi kadhaa ikapita hakuna aliyebisha hodi. Ndipo nikakutana mtandaoni na mtu aliyeniahidi ukurasa wa kwanza wa Google kwa ada ndogo. Nikamlipa. Alichofanya ni kutununulia viungo: mamia ya tovuti zisizohusiana na uchongaji, nyingine za kamari, nyingine za dawa, zote zikaweka kiungo cha kumleta msomaji kwetu.

Sitawadanganya, ilifanya kazi. Tulianza kupata barua pepe mbili tatu kila wiki kutoka Ulaya na Marekani. Baba mdogo akaajiri vijana wawili, akachukua lori zima la mawe kwa mkopo. Kisha ikafika Aprili 2012, na ndani ya siku chache barua zikakatika. Google ilikuwa imetoa badiliko lililoitwa Penguin, lililolenga tovuti zinazojipandisha kwa hila, na viungo vya kununua vikiwa mojawapo ya hila hizo. Mawe yakabaki uani. Vijana wale wawili wakarudi kwao. Seti za sataranji zikauzwa kwa dalali kwa bei isiyorudisha hata pesa za msasa.

Baba mdogo aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wale wateja wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo. Hawakwenda popote. Waliendelea kutafuta vilevile, ila sasa walionyeshwa mlango wa mtu mwingine.

Jinsi injini inavyofanya kazi

Injini ya utafutaji ina kazi tatu. Kwanza, programu zake hupita mtandaoni zikisoma kurasa na kufuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Pili, yale yaliyosomwa huwekwa katika faharasa, kama ile ya mwisho wa kitabu, ila kubwa mno. Tatu, mtu anapouliza jambo, injini huchagua kurasa zinazofaa na kuamua ipi itangulie. Kazi hii ya tatu ndiyo inayotunyima usingizi.

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998 huko Marekani, nguvu yao ilikuwa wazo moja: kiungo ni ushuhuda. Ukifika soko la Daraja Mbili ukauliza nani ana mbegu nzuri za mboga, na watu kumi wasiojuana wakakuelekeza kibanda kilekile, utakwenda hapo. Lakini kama mwenye kibanda amewalipa wale kumi, ushuhuda umeharibika, na anayeumia ni wewe mnunuzi. Google ikagundua kwamba ushuhuda wa kununua umejaa kila mahali, ikaanza kuutafuta na kuuadhibu. Mimi nilikuwa nimewalipa wale kumi.

Mabadiliko yaliyotugusa

Google hubadilisha mitambo yake mara nyingi kila mwaka, na mengi ya mabadiliko hayo hayatangazwi. Nitataja machache ambayo athari yake tumeiona hapa nyumbani.

Februari 2011 lilikuja badiliko la Panda, lililoshusha tovuti zenye makala mepesi au ya kunakili. Aprili 2012 likaja Penguin, ambalo nimeshawaambia lilivyotutenda. Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu, mtu anapotafuta kwa simu. Kwetu sisi, ambao wateja wetu wengi wa karibu hawana kompyuta, hilo lilikuwa la haki, lakini liliwaumiza waliokuwa na tovuti za zamani zenye maandishi madogo.

Agosti 2022 na tena Machi 2024 yalikuja mabadiliko yaliyolenga makala yanayoandikwa kwa wingi ili kuivuta injini, bila kumsaidia msomaji. Hapa nawageukia vijana. Wengi wenu mmejilipia karo, na wengine mmewajengea wazazi, kwa kuandikia tovuti za ng'ambo. Mlipewa orodha ya maneno, mkaandika makala kumi kwa siku kuhusu magodoro ambayo hamjawahi kuyalalia na miji ambayo hamjafika. Tovuti ya mwajiri iliposhuka huko aliko, kijana wa Nyamira aliamka akakuta hana kazi, na hakuna aliyemweleza sababu. Alidhani Kiingereza chake kimeharibika. Kiingereza chake hakikuwa na neno. Aina ile ya kazi ndiyo iliyokuwa imekosa soko, na wakati huohuo mitambo ya akili mnemba ilikuwa imeanza kuandika makala kama yale kwa gharama ndogo sana.

Jambo jipya zaidi ni muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo ya utafutaji. Google ilianza kuutoa Marekani Mei 2024, na Oktoba mwaka huo ikaupeleka katika nchi zaidi ya 100. Mtu akiuliza swali, hupewa jibu palepale juu. Wengi hulisoma na kuondoka bila kufungua tovuti yoyote. Kama riziki yako ilitokana na watu kufungua ukurasa wako kusoma jibu la swali jepesi, mlango huo unazidi kuwa mwembamba.

Tufanye nini?

La kwanza, anayekuahidi nafasi ya kwanza anakudanganya. Google yenyewe imeandika wazi kwamba hakuna anayeweza kutoa dhamana hiyo. Imesema pia kwamba kazi halali ya kuboresha tovuti kwa kawaida huchukua kati ya miezi minne na mwaka mmoja kabla ya kuonyesha faida. Akija mtu na ahadi ya wiki mbili, mwulize atafanya nini hasa. Akisema ni siri, funga mkoba. Fahamu pia kwamba kulipia matangazo hakukupandishi katika matokeo ya kawaida. Tangazo hukaa mahali pake, na pesa zikiisha linaondoka.

La pili, sema yale ambayo ni wewe tu unayeweza kuyasema. Chukueni jiwe letu. Mtu wa ng'ambo akiandika jina lake la Kiingereza peke yake, anaweza kuonyeshwa meza za jikoni za Marekani na majiko ya kupashia nyumba joto ya Finland, maana huko nako jiwe la aina hii linatumika. Ukijitangaza kwa jina hilo tu, unashindana na viwanda. Lakini andika kwamba hii ni bakuli ya jiwe la Tabaka, Kisii, taja rangi yake, upana wake kwa sentimita, uzito wake kwa kilo, unavyolifunga lisivunjike safarini, na kama rangi ya juu inafaa kuwekewa chakula au ni ya mapambo tu. Weka picha ya mikono inayolichonga. Maelezo hayo dalali wa mbali hana, na mtambo wa kuandika hauwezi kuyabuni kwa ukweli.

La tatu, kwa mteja wa karibu, jisajili kwenye ramani. Google ina huduma ya wasifu wa biashara, nayo ni ya bure. Unaweka jina, mahali, simu na saa za kufungua, kisha unathibitisha kwamba biashara ni yako. Matokeo ya karibu hupangwa hasa kwa mambo matatu: jinsi biashara inavyolingana na swali, umbali wake kutoka kwa anayetafuta, na jinsi inavyojulikana. Fundi wa Keroka, mji ambao mguu mmoja uko Kisii na mwingine Nyamira, aweke alama mahali duka lilipo hasa, ili mteja asitumwe upande usio wake. Waombe wateja wako halisi waandike maoni. Usiyanunue, maana hayo ni yaleyale ya kuwalipa wale watu kumi wa sokoni.

La nne, na kwangu ndilo kubwa, wajue wateja wako kwa majina. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nafasi yako Google ni cha nduguyo, akikitaka, anakichukua. Nambari ya simu ya mteja aliyeridhika ni chako. Iandike, ukiwa umemwomba ruhusa, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mtu akubali kabla hujatumia taarifa zake kumtangazia biashara. Wakulima wa ndizi wenye orodha ya wanunuzi ishirini wa Nairobi wanaowapigia simu kila wiki hawaamki usiku kutazama wako nafasi ya ngapi.

Ninyi vijana waandishi, yule anayelipa vizuri leo anatafuta mtu mwenye ujuzi wa jambo fulani, si mtu wa kujaza ukurasa. Uliyesomea uuguzi, kilimo au uhasibu, andika kuhusu hayo, na uweke jina lako juu yake. Na mmoja wenu akimwandikia mchongaji wa Tabaka au mwenye kitalu cha parachichi kurasa tano za kweli, atakuwa amefanya kazi ambayo hakuna aliye ng'ambo anayeweza kuifanya.

Si kila anayeanguka amekosa

Kuna tovuti za watu waaminifu ambazo zimeshuka bila kosa lolote wanaloweza kulitaja. Ukishuka, hakuna ofisi hapa mjini ya kwenda kulalamika. Agosti 2024 mahakama moja ya Marekani iliamua kwamba Google ilivunja sheria ya ushindani ili kulinda ukubwa wake katika utafutaji. Hata serikali kubwa zinahangaika na jambo hili, kwa hiyo asijilaumu kupita kiasi mama wa Ogembo ambaye ukurasa wake umepotea. Kagua kwanza yaliyo mikononi mwako: je, tovuti inafunguka kwenye simu? Kuna maneno uliyonakili? Kuna mtu ulimlipa akakununulia viungo? Kuna chombo cha bure cha Google cha kukuonyesha kurasa zako zipi zimo kwenye faharasa na zipi zimeachwa. Rekebisha kinachorekebika, na kwingine endelea kuuza.

Mtauliza baba mdogo aliishia wapi. Tulitumia muda mrefu kuviondoa vile viungo, tukiwaandikia wenye tovuti mmoja mmoja, na wengi hawakujibu. Aliyetuokoa ni mteja mmoja wa Ujerumani aliyekuwa amenunua mara mbili. Anwani yake baba mdogo alikuwa ameinakili kwa kalamu kwenye daftari lake la madeni, wakati mimi nikimcheka kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mtandao. Tulimwandikia barua ya kawaida tu, tukamwambia tuna mawe na mikono iko. Akaagiza. Kwa oda ile lile deni la lori likaanza kulipika.

Akiba haiozi. Kabla hamjaondoka leo, kila mmoja aandike majina ya wateja wake watano wa mwisho na namna ya kuwapata. Asiyeweza kuwataja watano ajue kazi yake ya wiki hii ni ipi.

Sasa karibuni kwa maswali.