Nahodha Aliyeumwa Tumbo
(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari)

Leo nimekuja na habari ya mwanamichezo mmoja. Lakini kabla sijaanza, hebu jijibu kimoyomoyo: mara ya mwisho ulipoumwa, ulikaa siku ngapi ndipo ukamwambia mtu?

Haya, tuanze. Kuna mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wanateleza kwa kasi na kugombania kisahani kigumu cha mpira. Wanagongana kweli kweli, mpaka wengine wanang'oka meno. Mchezaji wa huko halalamiki ovyo!

Saku Koivu alizaliwa mwaka 1974 mjini Turku, Finland. Mwaka 1995 alikuwemo katika timu iliyoipa nchi yake ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo akaenda Kanada kuchezea Montreal Canadiens, na mwaka 1999 akawa nahodha.

Septemba 2001 alirudi Montreal kutoka Finland akiwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika. Angeweza kusema, "Aa, nimekula vibaya tu, itapita." Hakusema hivyo. Alimwona daktari wa timu, akapimwa. Akakutwa na saratani tumboni, aina ya limfoma ya Burkitt. Alikuwa na miaka 26.

Jina hilo, Burkitt, lina historia jirani tu na sisi. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye taya. Akaanza kufuatilia watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika juu ya ugonjwa huo. Huku kwetu huwapata zaidi watoto wadogo, hasa penye malaria nyingi. Huota kwenye taya au tumboni.

Sasa sikieni vizuri. Uvimbe huu hukua upesi mno. Kwa siku chache tu unaweza kuwa mkubwa maradufu. Lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa haraka. Kwa hiyo kila wiki ya kungoja ina maana.

Je, Koivu alipona? Alitibiwa kwa dawa kali za dripu miezi kadhaa. Nywele zilinyonyoka. Tarehe 9 Aprili 2002 akaingia tena uwanjani Montreal. Watazamaji zaidi ya 21,000 walisimama wakampigia makofi karibu dakika nane! Mwaka 2006 aliongoza Finland kama nahodha kwenye Olimpiki ya Torino, wakapata medali ya fedha. Alicheza mpaka mwaka 2014. Pia alianzisha mfuko uliosaidia hospitali moja ya Montreal kupata mashine ya kuchunguzia saratani, maana alipougua yeye, ilibidi asafirishwe mji mwingine kwa kipimo hicho.

Wewe utasema, "Yule alikuwa na daktari wa timu. Mimi je?" Ni kweli, wewe huna. Lakini una mama, una shangazi, una matroni au mwalimu, na kuna zahanati. Uvimbe mwingi siyo saratani, usiwe na hofu. Ila uvimbe usiopungua, homa isiyoisha, kukonda bila sababu au tumbo linalouma kila siku, hayo yaseme. Usione aibu eti kwa sababu pako mahali pa siri. Na mdogo wako akivimba taya, usikubali watu waishie kusema ni jino tu. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Saratani haiambukizwi kwa kula au kukaa pamoja. Ukiwa na mwenzako anayetibiwa, mtembelee, mpelekee na madaftari.

Nahodha mzima alisema, "Naumwa." Nawe sema.