Data Hubebwa Mara Ngapi? Kumbukumbu, Diski na Kompyuta za Mtumba

Mada kwa semina ya waandishi chipukizi wa programu, Mashimoni, Kibera

Kila anayejifunza kuandika programu huambiwa mapema kwamba kumbukumbu ya kompyuta ina kasi na diski ni nzito. Ni kweli, na pengo lenyewe ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kusoma kitu kilicho kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa zaidi kidogo ya milisekunde 8, na mkono wake nao lazima usogee hadi mahali panapotakiwa, hivyo kufikia kipande kimoja cha data ni kama milisekunde 10. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja. Ikiwa kuchukua chumvi iliyo mezani ni sekunde moja, diski hiyo inakutuma dukani urudi baada ya saa 27 na ushei. SSD imefupisha safari ikawa kama dakika 17, na tunaishukuru, ila dakika 17 bado si sekunde. Hata hivyo nadai kwamba somo hili, pamoja na ukweli wake wote, limewapoteza wengi. Limewazoesha kuuliza data inakaa wapi, wakasahau kuuliza inabebwa mara ngapi.

Mwaka 2015 watafiti Kamran Karimi, Diwakar Krishnamurthy na Parissa Mirjafari walichapisha jaribio linaloonyesha kosa hilo waziwazi. Kazi ilikuwa ndogo: kuunda mfuatano wa herufi wa baiti milioni moja kwa kuongeza baiti moja moja, kisha kuuhifadhi kwenye diski. Njia ya kwanza iliunganisha kila kitu ndani ya kumbukumbu na kuandika faili mara moja mwishoni. Ya pili iliandika kila baiti kwenye faili papo hapo. Walijaribu kwa Java na kwa Python, na njia ya diski ikatangulia. Chukua Java uone kilichotokea. Mfuatano wa herufi ukishaundwa haubadiliki. Ukitaka kuongeza herufi moja, nafasi mpya inatengwa na yote yaliyokuwepo yananakiliwa humo. Jumlisha nakala hizo kuanzia baiti ya kwanza hadi ya milioni, utakaribia baiti bilioni 500. Gigabaiti 500 zimehamishwa ili kupata faili ya megabaiti moja! Hata kwa mwendo wa gigabaiti 10 kwa sekunde, sekunde 50 zimekwenda bure. Ni kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe, na kila akileta kikombe kingine anatafuta pipa jipya lililo kubwa kidogo, anamimina humo maji yote ya zamani, ndipo aongeze kikombe chake. Wakati huohuo Java ina StringBuilder, ambayo hutenga nafasi ya ziada mapema na kuipanua maradufu inapojaa, kwa hiyo baiti zinazonakiliwa zinabaki milioni chache tu.

Wapo wanaolipuuza jaribio hilo wakisema halikupima diski hata kidogo, kwa kuwa baiti zile zilitua kwanza kwenye bafa, na bafa ni kumbukumbu. Nakubaliana nao, na pingamizi lao linanisaidia. Sisi tunaujua uchumi wa kadogo: mafuta ya kupikia ya shilingi kumi, sukari ya kufunga kwenye karatasi. Mnunuzi ananunua kidogo kidogo, lakini mwenye duka haendi soko la Gikomba kila anapouza kijiko. Anaenda mara moja, ananunua kwa jumla. Mfumo endeshi ndiye mwenye duka huyo. Programu yako inampa baiti moja moja, naye anazikusanya hadi zijae ukurasa, kwa kawaida baiti 4,096, halafu anazipeleka diskini kwa mkupuo. Diski yenyewe inapenda mikupuo. Ikisoma mfululizo, hata ile ya kuzunguka hutoa megabaiti 100 kwa sekunde au zaidi. Ikitumwa huku na huko kwa vipande vya kilobaiti 4, safari 100 kwa sekunde zinaleta kilobaiti 400 pekee. Chuma ni kilekile, data ni ileile, na tofauti ni mara 250. Mpangilio wa safari ndio umeamua.

Tulete jambo hili nyumbani. Mwishoni mwa 2009 mradi wa Map Kibera ulianza, vijana wa hapa wakapita vichochoroni na vipokezi vya GPS, wakachora vyoo, shule, zahanati na sehemu za maji kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani za umma zilikuwa karibu tupu. Data hiyo yeyote anaweza kuipakua, na mara nyingi huja kama faili ndefu ya maandishi ya XML, nukta baada ya nukta. Mwanafunzi anayetaka kuhesabu sehemu za maji za Mashimoni huanza kwa kupakia faili nzima kwenye kumbukumbu, maana amefundishwa kwamba huko ndiko kwenye kasi. Lakini faili ya XML ikigeuzwa kuwa mti wa vitu ndani ya kumbukumbu huvimba, ikawa kubwa mara kadhaa kuliko ilivyokuwa diskini. Kwenye laptopu ya mtumba, ya ex-UK, yenye gigabaiti 4, ambazo kivinjari kimekwisha kula nusu, nafasi inaisha. Mfumo endeshi unaanza kuhamishia kurasa za kumbukumbu diskini na kuzirudisha, kuzihamisha na kuzirudisha, hali ambayo mwanasayansi wa kompyuta Peter Denning aliichambua mwaka 1968, na ambayo yeyote aliyewahi kusubiri kishale kisogee kwenye saiba anaijua bila kuisoma. Programu iliyokimbilia kumbukumbu inajikuta diskini, tena kwa zile safari za huku na huko. Mwenzake mwanafunzi anayesoma nukta moja moja, akaihesabu kama ni sehemu ya maji na kuiacha ipite, anamaliza kwa kumbukumbu ndogo mno, kwenye mashine hiyohiyo.

Jibu la haraka linalotolewa ni kuongeza RAM. Aongeze anayeweza. Ila laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, na isitoshe programu haibaki kwa aliyeiandika. Inaenda kwenye simu za watu. Google wenyewe, wenye fedha za kununua RAM yoyote, walitoa Android Go mwaka 2017 kwa ajili ya simu za gigabaiti moja au pungufu. Na kosa la pipa haliponi kwa RAM: data ikiongezeka maradufu, kazi ya kunakili inaongezeka mara nne. Wapingaji wenye usomi zaidi humtaja mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, aliyeonya mwaka 1974 dhidi ya kukimbilia vijikasi vidogo kabla ya wakati wake. Katika makala hiyohiyo alisema kwamba fursa iliyomo katika asilimia 3 muhimu ya programu isipotee. Ili uijue asilimia hiyo ni lazima upime, na kwenye Linux kuandika neno time mbele ya amri yako hakugharimu chochote. Asiyepima anasafisha ukumbi huku jikoni kunaungua.

Pingamizi zito kuliko yote ni la stima. Kilichomo kwenye bafa hupotea umeme ukikatika, na hapa unakatika. Kwa hiyo kukusanya mikupuo kuna bei yake. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya kila simu ya Android, inaonyesha bei hiyo vizuri: kwa maelezo ya waundaji wake, kompyuta ya kawaida huingiza rekodi 50,000 au zaidi kwa sekunde, lakini ukitaka kila rekodi ithibitishwe peke yake kwenye diski ya mizunguko 7,200, unapata miamala kama 60 tu kwa sekunde, kwa sababu kila uthibitisho unasubiri sahani izunguke. Hapa hakuna kanuni moja. Kuna swali la nini kinaweza kupotea. Anayekusanya nukta za ramani anaweza kufunga muamala mmoja kila baada ya rekodi mia, kwani nukta zilizopotea atazirudia kwa miguu asubuhi. Anayeandika daftari la chama anaweza kufunga kila mchango wa mwanachama kivyake, kwani hawezi kumwendea mama aliyetoa shilingi mia mbili na kumwomba azitoe tena. Kwa huyo, milisekunde kadhaa za kusubiri diski ni gharama halali, na neno «imepokelewa» lisionekane kwenye kioo kabla diski haijajibu.