Kusikiliza Satelaiti ni Kazi ya Ushirikiano

Ifuatayo ni hotuba aliyoitoa mwandishi mbele ya walimu na watumishi wa umma.



Satelaiti ndogo iliyo kilometa 500 juu ya ardhi huizunguka dunia kwa dakika 95 hivi. Ikipita juu ya mji wetu, redio huisikia kwa dakika zipatazo 10 tu, kisha huzama. Ikiwa njia yake hupita juu ya ncha za dunia, kituo kilicho karibu na ikweta huipata mara nne hivi kwa siku. Kwa hiyo mwenye satelaiti akiwa na kituo kimoja, katika saa 24 atakisikia chombo chake kwa nusu saa hivi. Saa zilizobaki hajui betri ina nguvu gani, wala joto limefikia wapi.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Habari hizo za hali ya chombo, ambazo wataalamu huziita telemetri, haziwezi kukusanywa kikamilifu na mtu aliye mahali pamoja, hata awe hodari namna gani. Hukusanywa na wengi waliotawanyika, wanaokubali kuweka walichokisikia katika ghala moja.

Jambo hili si geni. Tarehe 12 Desemba 1961 ilirushwa kutoka California satelaiti OSCAR 1, yenye uzito wa kilo 4.5 hivi. Iliundwa na wanaredio wa ridhaa, yaani watu wanaofanya kazi ya redio kwa mapenzi, bila malipo. Ilituma neno moja tu kwa alama za Morse: "HI". Lakini mwendo wa alama hizo ulibadilika kufuatana na joto la ndani ya chombo. Aliyezihesabu kwa saa yake aliweza kulijua joto hilo. Katika muda wa wiki tatu hivi, wasikilizaji zaidi ya 570 wa nchi 28 walipeleka taarifa zao.

Walimu wana fungu lao katika historia hii. Mwaka 1966 Mwalimu Geoffrey Perry wa Kettering Grammar School, Uingereza, pamoja na wenzake na wanafunzi wake, walisikiliza satelaiti za Kirusi kwa redio za kawaida. Kwa kuandika saa za kupita na kupiga hesabu, waligundua kwamba baadhi yake zilirushwa kutoka kituo kipya cha Plesetsk, ambacho serikali ya Kisovieti haikukitangaza rasmi mpaka mwaka 1983. Daftari, saa na subira vilitosha kuifumbua siri ya dola kubwa.

Leo kazi hiyo imepata nyenzo mpya. Mwaka 2014, mjini Athens, Ugiriki, watu wa kujitolea walianzisha mtandao uitwao SatNOGS. Kila kituo hurekodi satelaiti inapopita, kompyuta huzifumbua ishara zake, na matokeo hupelekwa katika hazina ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Kanuni za kimataifa zinasaidia: mawasiliano ya redio ya ridhaa hayaruhusiwi kufichwa maana yake, isipokuwa amri zinazotumwa kuiongoza satelaiti.

Faida yake si ndogo. Satelaiti nyingi zikirushwa kwa pamoja, mara nyingi wenyewe hawajui ipi ni yao. Taarifa za wasikilizaji huwasaidia kuzitambua. Nasi linatuhusu. Satelaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Nayo ilituma habari zake katika mawimbi ya redio ya ridhaa, ili msikilizaji yeyote duniani aweze kuipokea. Lakini vituo vingi vya kujitolea viko Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Katika Afrika ni vichache, na chombo kinapopita juu yetu mara nyingi hakuna anayekisikia.

Wapo watakaouliza: shule isiyo na madawati ya kutosha ina haja gani na satelaiti? Swali ni la haki. Nami sisemi madawati yangoje. Nasema gharama hii ni ndogo: antena huweza kutengenezwa kwa waya, na kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta kilibuniwa kwanza kwa ajili ya televisheni. Umeme au intaneti vikikatika, kilichorekodiwa huweza kupelekwa baadaye. Na somo lake ni kubwa. Mwanafunzi atasikia mlio ukiwa juu satelaiti inapokaribia na ukishuka inapoondoka, kama honi ya basi linalopita, na kutokana na hapo ataikokotoa kasi yake.

Kujitegemea hakuna maana ya kila mtu kujifungia na chake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nawaombeni, ndugu walimu, muanze na kituo kimoja katika wilaya, kihudumie shule kadhaa. Na ninyi watumishi wa umma, mwalimu akija kuuliza habari za vibali, msimzungushe. Tumezoea kupokea maarifa yaliyokusanywa na wengine. Katika ghala hili tunaweza kuweka letu pia.