Ufadhili wa Masomo kwa Kumbukumbu ya James Foley



Chuo Kikuu cha Marquette, Marekani, kilianzisha ufadhili kwa wanafunzi wa mawasiliano kwa kumbukumbu ya mwandishi James Foley, aliyesoma hapo. Aliuawa Syria mwaka 2014 na watu waliojinasibisha na dini yetu. Ndiyo maana namtaja kwa uchungu.

Wengi hukumbuka kifo chake tu. Nawaombeni mkumbuke pia la kabla yake. Mwaka 2011, huko Libya, alitekwa katika shambulio lililomwua mpiga picha Anton Hammerl wa Afrika Kusini. Alipofunguliwa baada ya siku 44, alishiriki kuwachangia fedha watoto watatu wa Hammerl. Picha zikanadiwa New York.

Basi kila mwanafunzi na asimuliwe habari hiyo kabla hajalipiwa ada.